Nyangumi wa Mkanda wa Tatu

Ezechiel Zihindula alikosa meno mawili ya mbele. Alikosa mke, aliyezikwa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mwaka ule mvua zilipobomoa nyumba nyingi za matofali mabichi. Alikosa shamba. Alikosa cheti, kwa sababu baba yake alimtoa shule akiwa darasa la tano akamketisha kwenye cherehani. Alikosa miwani inayolingana na macho yake. Ile aliyovaa ilikuwa ya marehemu pasta mmoja wa Fizi, na ilimwonyesha kila sindano kama mbili. Alikosa ruhusa ya kulala nje ya kambi. Alikosa utulivu: hata akiwa kanisani, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kana kwamba cherehani iko chini yake. Na alikosa bahari. Alizaliwa Uvira, Kongo, kando ya ziwa, akapita Tanzania kwa upande usio na pwani, akazeekea Malawi, nchi yenye ziwa lake lakini isiyo na bahari. Maji ya chumvi hakuwahi kuyaona hata kwa mbali.

Alikosa pia mtu wa kumwambia, "Mzee, hapa umekosea." Lakini hilo hakulihesabu miongoni mwa mapungufu yake, kwa sababu alidhani ni heshima.

Kwa kila alichokosa alitafuta dawa, naye hakupenda kungoja. Dawa ya cheti ilikuwa shule ya jioni. Watoto wakishatoka, watu wazima wa kambi waliingia katika madarasa yale yale, wakakunja magoti yao kwenye madawati ya watoto, wakasoma hadi giza lilipowafukuza. Zihindula aliketi mstari wa mbele, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Hesabu aliipenda. Kiingereza alikivumilia. Biolojia ndiyo iliyomkosesha usingizi kwa furaha, na mwalimu wa biolojia alikuwa Charlotte, mke wa mwanawe Cadeau.

Cadeau alikuwa fundi wa kujenga. Alifanya kazi upande wa Dowa na kurudi mwisho wa juma, kwa hiyo siku nyingi nyumba ile ilikuwa na baba mkwe na mkamwana tu, pamoja na mtoto Kirezi. Na hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Katika ukoo wa Zihindula, mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hampi mgongo, wala hapingi neno lake. Desturi hiyo hukoma siku baba mkwe anapofungua jina: hutoa kuku na kitenge mbele ya mashahidi, na mkamwana hulitaja jina lile kwa sauti, mara moja, wote wakisikia. Tangu hapo wanaweza kuongea kama baba na binti. Kwa kawaida jambo hilo hufanyika mapema, ndoa ingali mpya. Lakini Charlotte alipoolewa palikuwa na safari. Baada ya safari pakawa na msiba. Baada ya msiba Zihindula alikuwa ameuzoea ukimya ule, akaupenda kama mtu anavyokipenda kiti chake, na jina likabaki limefungwa.

Kwa hiyo darasani mambo yalikwenda hivi. Charlotte aliposoma majina, aliyataja yote kwa sauti ileile, na alipofika mwisho alinyamaza. Katika ukimya huo Zihindula alisema, "Présent." Alipoandika ubaoni alisimama kwa ubavu, kama mtu anayepita penye njia nyembamba, ili asimpe mgongo baba mkwe wake. Alifundisha kwa sauti ndogo, macho yake yakiwa kwenye chaki. Zihindula alimwangalia akaridhika. Mwanangu alioa mtu mwenye adabu, alijiambia, na mguu wake ukakanyaga kwa kasi zaidi.

Katika mwaka wa pili wa Zihindula darasani, Mayi Kanyimbo, mama aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya binafsi katika mtaa wa Area 18, Lilongwe, alikuja Dzaleka siku ya maonyesho ya kazi za mikono. Katikati ya vikapu na viatu aliona kitambaa ambacho Zihindula alikuwa amekishona kwa ajili ya darasa lake la biolojia: moyo wa binadamu, mishipa ya damu safi kwa uzi mwekundu na ya damu chafu kwa uzi wa buluu. Alisimama hapo kwa muda mrefu. Kisha akaagiza kingine. Alitaka bahari, yenye urefu wa ukuta, ikionyesha nani anakula nani, kwa ajili ya chumba cha vitabu ambacho shule yake ingekifungua mwisho wa mwezi mbele ya wazazi na wageni. "Na uweke jina lako pembeni," alisema. "Watoto wajue nani aliwafundisha."

Zihindula aliinama kidogo akasema zikomo, asante kwa Kichewa, kisha akaondoka upesi kwa sababu hakutaka mwanamke yule auone uso wake. Katika maisha yake yote jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi za ukimbizi, na kwenye vipande vya karatasi vinavyobandikwa juu ya suruali za watu. Sasa lingekaa ukutani katika shule, kama jina la mtu anayejua.

Ilitokea kwamba juma hilohilo Charlotte alifika kwenye somo la mnyororo wa chakula baharini. Zihindula aliandika kila neno. Kila kitu, Charlotte alisema, huanza na mwanga wa jua. Juu ya maji huelea mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo hutengeneza chakula kutokana na mwanga huo. Hiyo ndiyo inayowalisha wengine wote. Mimea huliwa na vijidudu na uduvi. Hao ni walaji wa kwanza. Uduvi huliwa na samaki wadogo kama dagaa. Hao ni walaji wa pili. Dagaa huliwa na jodari, mlaji wa tatu. Na jodari huliwa na papa mkubwa, ambaye hana wa kumla. Kila ngazi hupata sehemu ndogo tu ya chakula cha ngazi iliyo chini yake, kwa sababu sehemu kubwa huishia katika kuogelea, kupumua na kuishi. Ndiyo maana uduvi ni wengi mno, na papa ni wachache.

"Na yule nyangumi wa buluu, mnyama mukubwa kupita bote," Charlotte aliuliza, "tutamuweka wapi?"

Hakuwa amemwelekea Zihindula, lakini Zihindula alisimama.

"Juu kabisa," alisema. "Juu ya papa. Kule kwetu ziwani, ndakala analiwa na mukeke. Mukeke analiwa na sangala. Na sangala njo mukubwa. Mukubwa anakula badogo, haiko mashaka."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Charlotte aliitazama chaki mkononi mwake, akaigeuza, akapangusa vumbi kwenye kidole.

"Tuendelee," alisema.

Zihindula aliketi. Aliandika: nyangumi, juu kabisa.

Alishona kwa siku nyingi, mlango ukiwa wazi ili apate mwanga. Mkanda wa chini ulikuwa wa kijani, na juu yake alitia mafundo madogo ya uzi kiasi kwamba vidole vilivimba. Hiyo ilikuwa mimea isiyoonekana, yeye aliionyesha. Mkanda wa pili ulijaa uduvi, waliokatwa kutoka mabaki ya majoho ya kwaya. Wa tatu ulikuwa wa dagaa, wa bitana inayong'aa. Wa nne ulikuwa na jodari, na wa tano, ulio mpana kuliko yote, ulikuwa na papa wawili wa kijivu na juu yao nyangumi. Kwa nyangumi alitumia suti ya buluu ya harusi yake mwenyewe, ambayo haikumtosha tena. Alimjaza pamba tumboni ili avimbe.

Charlotte alipita na ndoo ya maji. Alisimama mlangoni, akakiangalia kitambaa. Zihindula aliona kivuli chake kikikawia.

"Kirezi," Charlotte alimwambia mtoto, kwa sauti ya kusikika na watu wote wa nyumba, "sema kwa babu kama kazi yake iko mzuri sana. Sema kwa babu kama ... kama kile kitabu cha biolojia kiko pale juu ya meza, page ya samaki."

"Babu amesikia," Zihindula alimwambia mtoto. "Babu alishakisoma."

Alikuwa amekisoma, ni kweli. Lakini kitabu kile kilichora mishale tu kutoka samaki hadi samaki, na mahali pa nyangumi ukurasa ulikuwa umechanika. Charlotte alikawia tena kidogo, kisha akaingia jikoni na ndoo yake.

Siku iliyofuata alikuja Sindayigaya. Huyu alikuwa Mrundi wa Rumonge, mwanafunzi mwenzake wa jioni, na mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa Malawi, ambao aliwafuata Lilongwe na kuwauza kambini kwa kikombe. Alinukia kazi yake. Alikizunguka kitambaa, mikono nyuma.

"Mzee, hii samaki yako ya juu inakula nini?"

"Inakula bote benye beko chini yake."

"Hata papa?"

"Hata papa."

"Na wewe uliuliza nani?"

"Nilijibu darasani, madame alisikia. Hakukataa."

Sindayigaya alicheka hadi akalazimika kushika ukuta. "Hakukataa. Mzee, yule mtoto wa watu hawezi hata kukuita jina, sasa atakukataza baleine, hii nyangumi yako? Mwanafunzi ambaye mwalimu anamuogopa, anafaulu kila siku, isipokuwa siku ya mtihani."

"Nenda ukauze samaki zako, zinaoza."

"Zilishaoza kitambo. Njo maana zina bei."

Zihindula alirudi kwenye sindano. Maneno ya Sindayigaya aliyahesabu kuwa ya mtu mwenye wivu. Mtu huyu alipata alama ndogo kila mtihani na hakuona haya. Hata hivyo jioni ile aliinuka mezani kabla ya kumaliza chakula, akaenda kukigusa kitambaa, akarudi, akaenda tena.

Alipata ruhusa ya kutoka kambini kwa siku moja. Alikikunja kitambaa ndani ya shuka safi, akapanda minibasi ya asubuhi, na alipofika Old Town mjini Lilongwe alishuka kununua uzi wa akiba katika duka la Mhindi mmoja aliyekuwa akimjua kwa miaka. Mtu mwingine angekunywa chai. Yeye aliununua uzi amesimama, akaulizia njia anayoijua tayari, akaenda zake Area 18 kwa miguu ya haraka, shuka begani.

Mayi Kanyimbo aliwaita walimu wake wote. Walikitandika kitambaa juu ya meza mbili, wakakizunguka, na mmoja wao akaweka kiganja juu ya tumbo la nyangumi akasema, "Ee." Waliongea Kiingereza na Kichewa, na Zihindula aliyashika maneno mengi: kazi, mikono, mzee, ajabu. Walisoma pembeni: E. ZIHINDULA, DZALEKA.

"Tutakitundika Ijumaa, wageni wakiwepo," Mayi Kanyimbo alisema. "Mimi ni mtu wa historia, Bwana Zihindula. Samaki nawajua sahanini tu. Nani alikukagulia mpangilio huu?"

"Mwalimu wangu wa biolojia."

"Alisema nini?"

Zihindula alinyoosha pindo la kitambaa. "Hakusema kitu," alijibu.

"Basi ni sawa," Mayi Kanyimbo akasema, akacheka, akampa mkono.

Lakini njiani lile jibu lake mwenyewe lilimfuata. Hakusema kitu. Alijaribu kukumbuka siku hata moja ambapo Charlotte alimwambia hapana. Alijaribu kukumbuka daftari lake likiwa na msalaba mwekundu. Wenzake walikuwa na misalaba. Sindayigaya alikuwa na makaburi mazima. Daftari lake lilikuwa safi kama la malaika, na kwa miaka miwili alikuwa amelifungua mbele za watu kwa makusudi.

Alikuwa amesema atarudi usiku. Hata hivyo, gari la kanisa lililopeleka mahindi upande wa Dowa lilimchukua, na akafika Dzaleka jua bado lingaliko. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shuleni, kwa sababu somo la biolojia lilikuwa limeshaanza na hakuwa mtu wa kukosa somo.

Alipokaribia dirisha alisikia vicheko. Kisha akasikia sauti ya mwanamke, kubwa, yenye mzaha, ikitembea kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Alidhani wameleta mwalimu mpya. Alisimama ukutani, akasikiliza, na ilimchukua muda kuelewa kwamba sauti ile ni ya Charlotte.

"Tunarudia ile ulizo tuliacha," Charlotte alikuwa akisema. "Sindayigaya, we mutu wa samaki, simama. Nyangumi wa buluu tunamuweka wapi?"

"Madame, mi naogopa. Mwenye nyangumi akirudi?"

Watu walicheka.

"Mwenye nyangumi iko Lilongwe, na mtihani iko karibu. Jibu."

"Mukanda ya juu, basi."

"Hapana. Umekosea, keti. Sikilizeni. Batu banafikiri mukubwa njo anakula bakubwa. Ziwani iko vile: ndakala, mukeke, sangala, kila mumoja anashinda mwenzake kwa mwili. Baharini iko tofauti. Yule nyangumi hana meno. Hana hata moja. Mudomoni iko na kitu kama ufagio. Anafungua mudomo, anaingiza maji na uduvi, anasukuma maji inje, uduvi banabaki. Njo chakula yake, kila siku. Sasa uduvi ni mulaji wa ngapi?"

"Wa kwanza," darasa lilijibu.

"Na mwenye kula uduvi?"

"Wa pili."

"Pamoja na nani?"

Mwanamke mmoja akasema kwa mshangao, "Pamoja na dagaa."

"Pamoja na dagaa. Mukubwa vile, na mukanda yake ni ya tatu, fasi ya dagaa. Na tena iko na akili, maana chakula chini kule njo mingi. Angekaa kule juu na papa, mwili ule ungekufa njaa."

Nje, Zihindula alipitisha ulimi wake mahali palipokosa meno. Mguu wake ulikuwa umesimama. Charlotte alikuwa akiandika ubaoni sasa, na kupitia dirishani Zihindula alimwona: alikuwa amewapa watu mgongo, mkono wake ukienda mbio, maandishi yake makubwa na manyoofu. Zihindula hakujua kwamba mkamwana wake ana mwandiko mzuri kiasi kile.

Aliondoka kabla hawajatoka.

Alilizunguka soko, akapita makaburini, akapanda hadi barabara na kurudi. Aibu ya nyangumi aliiona mapema. Ilikuwa kubwa na ya buluu, nayo ingetundikwa Ijumaa mbele ya wageni, na chini yake jina lake. Lakini kulikuwa na aibu nyingine iliyomsumbua zaidi, kwa sababu ilikuwa ndani ya nyumba yake. Yeye akiwa darasani, watu wote walipewa nusu ya mwalimu. Alikuwa amekaa mstari wa mbele miaka miwili kama kitambaa kilichoziba dirisha.

Asubuhi alimkuta Sindayigaya akitandaza usipa juani.

"Mulijua bote," Zihindula alisema.

Sindayigaya hakuuliza nini. "Tulijua, mzee."

"Na mukanyamaza."

"Mi nilicheka mbele ya macho yako, ulitaka nifanye nini tena, nilie? Sasa sikia. Kule Area 18 hakuna mwenye anajua. Yule mama anajua historia. Batoto bataangalia rangi. Acha samaki yako ilale."

Zihindula aliwaza jambo hilo kwa haki, kwa kuwa alilitamani. Kitambaa kikae. Jina likae. Watoto wa Area 18 wakue wakijua kwamba mkubwa hukaa juu, na siku moja mmoja wao akutane na mtihani, aandike vile, apigwe msalaba, na akumbuke nani alimfundisha.

Kwa wanafunzi wake wa ushonaji Zihindula alikuwa na msemo mmoja: anayeogopa kufumua asishike sindano. Aliutumia mtu aliposhona mkono wa kushoto mahali pa kulia akataka kuuficha kwa pasi. Alisimama pale kwenye harufu ya samaki, msemo wake mwenyewe ukimwangalia.

"Uko na kuku?" aliuliza.

"Mi nauza samaki."

"Jirani yako iko nabo. Niulizie mumoja mwenye kunona. Na jioni uje darasani mapema, utakuwa shahidi."

Sindayigaya alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani mdomoni. "Miaka yote hii," alisema. "Kumbe ulikuwa na kuku tu ya kununua."

Jioni ile Zihindula aliingia darasani akiwa na kuku kwapani, miguu imefungwa kwa utepe wa bitana, na kitenge kipya chini ya mkono mwingine. Watu waligeuka. Charlotte aliyaona yote mawili, akainamisha macho haraka, akafungua daftari la majina. Alisoma. Mikono ilinyooshwa, sauti zikajibu. Alifika mwisho, akanyamaza kama siku zote, akingoja ile "Présent."

Haikuja.

Zihindula alisimama. Aliweka kitenge juu ya meza ya mwalimu, na kuku juu ya kitenge, na kuku akageuza kichwa akaliangalia darasa kwa jicho moja.

"Mbele ya hawa bote," alisema. Sauti yake haikuwa imara kama alivyoipanga. "Mama Kirezi, mi nilichelewa. Leo nafungua jina. Endelea kusoma liste yako."

Charlotte alishika ukingo wa meza. Darasa lote lilimngoja. Alisogeza kidole hadi mstari wa mwisho, ingawa mstari ule aliujua.

"Ezechiel Zihindula," alisema, kwa sauti ya chini.

"Mashahidi hawakusikia," Sindayigaya alisema kutoka nyuma.

"Ezechiel Zihindula."

"Présent," Zihindula akajibu. Lakini hakuketi. "Sasa, madame, niulize ile ulizo ya nyangumi."

"Papa, si lazima," Charlotte alisema, akimwita baba.

"Iko lazima. Niulize sawa unauliza bengine."

Charlotte aliinua macho. Walikuwa wameishi chini ya paa moja, na hakuwa amewahi kumtazama usoni. Sasa alimtazama, na Zihindula akaona kwamba macho yake yalikuwa na uchovu na ukaidi mwingi. "Nyangumi wa buluu," aliuliza, "tunamuweka wapi?"

"Juu kabisa," Zihindula alisema wazi. "Juu ya papa."

Kuku alipiga bawa. Charlotte alivuta pumzi.

"Hapana," alisema. "Umekosea, papa. Keti."

Zihindula aliketi. Masikio yake yaliwaka moto, na moto ule ulikaa hadi mwisho wa somo. Mtu asidhani kwamba ni rahisi. Alitoa daftari lake, akafuta sentensi moja, akaandika nyingine. Mguu wake ulianza kukanyaga tena.

Ruhusa yake ya kutoka ilikuwa imekwisha, na Ijumaa haikuwa mbali. Sindayigaya alishauri apige simu. "Simu haina sahihi," Zihindula alisema. "Jina niliandika kwa mukono, na kosa nitaliandika kwa mukono." Alimwandikia Mayi Kanyimbo barua kwa Kiingereza, kamusi pembeni, akieleza kwamba nyangumi mkubwa hana meno na hula uduvi, kwa hiyo mahali pake ni mkanda wa tatu pamoja na dagaa, kwamba kosa ni la fundi na si la mwalimu wake, kwamba anaomba kitambaa kiletwe na mchukuzi wa barua hii, naye atafumua na kushona upya kabla ya Ijumaa, bila malipo ya ziada. Kisha akaibeba hadi jikoni na kuiweka mbele ya Charlotte, pamoja na kalamu nyekundu.

Charlotte alisoma akiwa amesimama, mwiko mkononi. Alirekebisha kitenzi kimoja, kisha kingine. Mwishoni alisimamisha kalamu.

"Hapa uliandika kosa dogo."

"Ndiyo."

"Papa, si dogo."

Zihindula aliangalia pembeni, kwenye moto. "Futa," alisema.

Charlotte alilifuta lile neno. "Na huyu nyangumi hataenea kwenye mukanda ya dagaa," aliongeza. "Iko munene."

"Nilishawaza ile. Nitamulaza. Mukia utaingia kwa jodari."

"Mukia, sawa. Lakini mudomo ufike kwa uduvi. Bataona anakula nini."

Zihindula alilitafakari jambo hilo kwa macho ya fundi, akaona ni zuri, na kwa kuwa hakuzoea kumsifu mkamwana wake, alisema tu, "Kumbe."

Aliinakili barua upya, kwa mwandiko wake wa Jumapili, akatia sahihi ya jina zima. Gundi haikuwepo. Charlotte alimega kipande cha nsima, ugali wa Malawi, iliyopoa chunguni, na Zihindula akaipaka kwenye ukingo wa bahasha kwa kidole, akaikandamiza kwa pasi ya mkaa hadi ikakauka ngumu. Nje, Sindayigaya alikuwa ameshapanda nyuma ya kabaza, baiskeli ya abiria, magunia yake matupu mapajani, akimwambia mwenye baiskeli asubiri wazee wamalize kupika barua. Zihindula alitoka akampa.

"Usiichanganye na samaki."

"Yule mama atainusa, atajua imetoka kwa mutu wa bahari," Sindayigaya alisema, akaiingiza ndani ya shati, na kabaza ikashuka kuelekea barabara ya Lilongwe.